Kaka amekatwa na mashine ya kukatia nyasi: ashitaki, au akubali kwamba kosa ni lake?

Mdogo Mtu

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaleta jambo ambalo limeigawa familia yetu kwa wiki ya sita sasa.

Kaka yangu mkubwa ana mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia na kuendesha kama trekta dogo. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kufufua mashine chakavu na kuziuza. Siku ya ajali alikuwa akikata nyasi kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, asubuhi, umande ukiwa haujakauka. Mashine ikaserereka kwa ubavu, naye alipoona inataka kupinduka akaruka. Haikupinduka. Iligeuka nusu duara ikamfuata chini ya mteremko huku visu vikizunguka, na mguu wake wa kushoto ukaingia chini ya kifuniko cha visu. Amepoteza vidole vitatu.

Siku ya tatu nilikwenda kuitoa mashine pale ilipokwama. Nilipoinua kiti niliona nyaya mbili fupi zilizosokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi, na pembeni yake soketi ya plastiki inaning'inia bila kuunganishwa na chochote. Utepe ulikuwa umeshika vumbi na mafuta, gundi yake imegeuka rangi ya kahawia. Haikuwa kazi ya jana. Baadaye nikaelezwa kwamba soketi ile ni ya swichi ya kiti, ambayo ingeizima injini mara tu kaka alipoondoka kitini. Kaka anaapa kwamba tangu ainunue mashine hiyo hakuwahi kuinua kiti.

Shemeji anataka tumshitaki mtengenezaji, na aliyetuuzia pia. Kaka mwenyewe hataki hata kulisikia. Anasema nyasi zilikuwa mbichi, aliziona, na alipanda kwa miguu yake mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Kwake yeye kushitaki ni kumtafutia kosa lako mtu wa kulibeba. Mimi sijui nisimame wapi, na ninaomba kuelimishwa: je, mtu akiwa amekosea yeye mwenyewe, anakuwa amepoteza haki ya kudai?

Fundi Spana

Pole sana kwa kaka, na pole kwa shemeji.

Kabla ya jambo lolote: msiiguse mashine hiyo. Msiioshe, msiiwashe kujaribu, msiuondoe huo utepe, wala msimruhusu fundi yeyote, hata akiwa rafiki, "aiangalie kidogo". Ipigeni picha kutoka kila upande, chini ya kiti kwa karibu, kibao cha namba ya mashine, na vibandiko vya tahadhari kama bado vinasomeka, kisha ifunikeni mahali pakavu penye kufuli. Nimewahi kuona watu wakiuza mashine kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hawakutaka kuitazama tena, na hapo ndipo shauri lao lilipokufa.

Sasa kuhusu swichi. Chini ya kiti kuna swichi inayobonyezwa na uzito wa mwendeshaji. Ukinyanyuka huku visu vinafanya kazi, mkondo wa umeme unakatika na injini inazimika. Visu vya mashine hizi huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 katika sekunde moja, na ncha ya kisu hukimbia kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hata baada ya injini kuzimika huchukua sekunde chache kusimama. Sekunde hizo chache, kwa mtu aliyerukia upande wa juu wa mteremko, mara nyingi zinatosha. Kwa kaka yako hazikuwapo kabisa, maana injini haikuambiwa kwamba kiti ni kitupu.

Kwa nini watu huikwepa swichi hiyo kwa kuunganisha nyaya zake moja kwa moja? Nitasema kwa uwazi, kwa kuwa nilipokuwa kijana nami nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Kwenye ardhi yenye mashimo mwendeshaji hurushwarushwa, swichi inaachia, injini inakohoa au kuzimika, na mteja anakasirika. Au swichi imeingia maji na kutu, mashine haiwaki kabisa, swichi mpya inabidi isubiriwe, na mteja anataka kukata nyasi leo. Fundi anachukua kipande cha waya, dakika mbili amemaliza, na anasifiwa. Zipo swichi zilizobuniwa kwa ugumu zaidi, zenye vituo vinne vya kuunganishia nyaya, ambazo ukiunganisha nyaya bila kuelewa injini inakataa kuwaka. Nyingine ni za vituo viwili tu, na hata mtoto wa shule angeweza kuzidanganya.

Jambo moja mtakaloulizwa: je, kaka alikuwa akipanda na kushuka mteremko, au akikata kwa kukingama? Vitabu vingi vya mashine hizi husema usikate kwenye mteremko unaozidi digrii 15, uende juu na chini wala si kukingama, na usikate nyasi zikiwa zimelowa. Kinyume chake ni kwa mashine ya kusukuma kwa mikono, ambayo hutakiwa kukingama ili ukiteleza usiivute juu yako. Watu wengi huchanganya hayo mawili.

Jicho Kavu

Pole kwa mgonjwa, lakini nitasema jambo ambalo wengine wataliona ni ukali. Mtu mzima aliyekaa juu ya visu vya chuma, kwenye mteremko, juu ya nyasi zenye umande, alijua anachokifanya, na ninamheshimu kaka yako kwa kukiri bila kuzungukazunguka. Tukimlipisha mtengenezaji kwa kila mguu unaoteleza, bei itapanda kwa sisi sote, na mashine zitajazwa swichi za kukera hadi watu wazikate. Ndipo hapo tulipofika, kwenye waya na utepe. Mnamkumbuka yule bwana wa Marekani aliyeinua mashine ya kukatia nyasi akapunguzia nayo ua wa miti, akakatika vidole, kisha akalipwa mapesa chungu nzima? Hadi lini?

Wakili wa Zamani

Nianze na huyo bwana wa ua, kwa kuwa nimekutana naye kila mahali kwa miaka zaidi ya thelathini. Hadithi yake ilienezwa katika matangazo ya biashara ya bima huko Marekani miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya kutaka sheria za fidia zibanwe, na ilipoulizwa ni mahakama gani iliyolisikiliza shauri hilo, hakuna aliyeweza kulionyesha. Kesi ya mwaka 1994 huko New Mexico, ya mama aliyeungua kwa kahawa ya moto ya mgahawa wa McDonald's, ambayo nayo huchekwa sana, ilikuwa ya kweli, lakini wanaoicheka huiacha sehemu inayohusu swali letu hasa: jopo la raia walioamua shauri lilimwona mama huyo kuwa na asilimia 20 ya kosa, na fidia ya majeraha yake ikashushwa kutoka dola 200,000 hadi 160,000. Kukosea kwake hakukumfungia mlango. Kulimpunguzia.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1809 huko Uingereza mtu mmoja alikuwa akikimbiza farasi kwa kasi wakati wa magharibi, akagonga nguzo ambayo mwenye nyumba aliyekuwa akifanya ukarabati aliilaza kukata barabara. Mahakama, katika shauri linalojulikana kama Butterfield dhidi ya Forrester, ilisema kwamba kwa kuwa mpanda farasi naye hakuwa mwangalifu, hapati kitu. Kanuni hiyo ilikuwa kali mno, na mwaka 1842 majaji walianza kuitafutia upenyo kwa ajili ya punda: mwenye punda alimwacha mnyama wake barabarani akiwa amefungwa miguu ya mbele, gari la farasi likaja kwa kasi likamuua, na mahakama ikasema kuwa mwendesha gari ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali, hivyo alipe. Uingereza iliiacha kabisa kanuni ya kupata chote au kukosa chote mwaka 1945, na tangu hapo kosa hugawanywa. Marekani majimbo yanatofautiana. California na New York humpa mdai sehemu iliyobaki hata kosa lake likiwa kubwa kuliko la mwenzake. Majimbo mengi humnyima kosa lake likifika au likizidi nusu. Na Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia bado yanaishi na yule mpanda farasi wa 1809. Hujasema mpo wapi, nami sikuulizi, lakini hilo ndilo jambo la kwanza wakili wenu atakalolitazama.

Sasa mtengenezaji. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya California ilisikiliza shauri la mtu aliyezawadiwa na mkewe mashine ya useremala. Kipande cha mbao kikachomoka na kumpiga kwenye paji la uso. Mahakama ilisema kwamba mwenye kiwanda anayepeleka sokoni chombo chenye kasoro, huku akijua kitatumika bila kukaguliwa, anawajibika hata kama uzembe wake hauthibitishwi. Msingi huo ulienea haraka. Kasoro zenyewe ni za aina tatu. Ya kwanza ni mashine moja kutoka kiwandani ikiwa mbovu tofauti na wenzake. Ya pili ni mashine zote kubuniwa vibaya ilhali ubunifu salama zaidi ulikuwepo na ungewezekana kwa gharama ya kiasi. Ya tatu ni kutotoa tahadhari ya kutosha. Kwa maelezo yako, ya kwanza haipo hapa. Ya pili ndiyo hiyo aliyoigusa Fundi bila kukusudia: kama swichi ngumu kudanganywa ilikuwepo na mafundi wote wanajua kwamba ile nyepesi huunganishwa waya, kwa nini kiwanda kilichagua nyepesi? Ni hoja halali. Si hoja rahisi.

Haiwi rahisi kwa sababu ya huo waya. Mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya New York ilikataa kumwajibisha mtengenezaji wa mashine ya kufinyangia plastiki, kwa kuwa mwajiri ndiye aliyetoboa tundu kwenye lango la usalama baada ya kuinunua. Mtengenezaji hawezi kufuatana na mashine yake maisha yote. Lakini mwaka 1998 mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye suala hilo: kijana wa miaka 17 alikuwa ameingiza mkono kwenye mashine ya kusaga nyama ambayo kinga yake iliondolewa na mwenye duka. Mahakama ilisema kwamba, hata kama ubunifu hauna lawama, mtengenezaji anayejua kuwa watumiaji huwa wanaiondoa kinga anaweza bado kuwa na wajibu wa kuwatahadharisha juu ya hatari ya kuitumia bila kinga. Kwa hiyo vibandiko alivyovitaja Fundi vina uzito. Viliandika nini? Vilisema tu "usiikate swichi", au vilisema kwamba swichi ikiwa haifanyi kazi mashine isiwashwe, na jinsi mnunuzi anavyoweza kuijaribu mwenyewe?

Kuna mtego mmoja. Shemeji asije akadhani kwamba kiwanda kikibadilisha swichi baada ya ajali hii, huko ni kukiri kosa. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kanuni ya 407 ya ushahidi inakataza marekebisho yaliyofanywa baada ya ajali kutumika kuthibitisha kasoro. Sababu yake ni ya busara: vinginevyo kila mwenye kiwanda angeogopa kurekebisha.

Aliyewauzia ni suala jingine, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi hapa. Mahakama nyingi husita kumbebesha muuzaji wa vitu vilivyotumika dhima ileile ya mwenye kiwanda. Lakini mtu anayefungua mashine, akaikarabati, kisha akaiuza kama iko tayari kwa kazi, ana wajibu wa uangalifu wa kawaida, na kuikabidhi ikiwa kinga yake imenyongwa kwa waya bila kusema neno ni uzembe ambao hauhitaji shahidi mtaalamu wa mbali kuuelezea. Bila shaka mtatakiwa kuonyesha kwamba waya uliwekwa naye, au kwamba aliuona au alipaswa kuuona.

Mwisho, muda. Kuna kikomo cha kufungua shauri tangu siku ya kuumia, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Na kuna kikomo kingine ambacho watu hawakijui, kinachohesabiwa tangu mashine ilipouzwa au kuingizwa sokoni mara ya kwanza: Uingereza ni miaka 10, Indiana ni 10, North Carolina ni 12. Kikipita, kwa kawaida mtengenezaji hafikiwi tena, hata ajali iwe imetokea jana. Soma kile kibao cha namba.

Mama Pacha

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa muda mrefu, na ninaomba kumjibu Jicho Kavu kuhusu neno "alijua".

Wodini kwetu aliwahi kuletwa mtoto wa miaka mitatu aliyekanyagwa na mashine kama hiyo iliporudishwa nyuma. Mwendeshaji alikuwa babu yake. Mtoto aliusikia mlio wa mashine ya babu, akatoka nje kumfuata, na babu alikuwa akitazama kona ya ua aliyoikosa. Yule mzee alikaa kwenye benchi la ukumbi siku nne, hakula, na kila daktari aliyepita alimwambia "ni mimi". Hakuna aliyehitaji kumfundisha mtu yule kubeba dhamana ya matendo yake. Baadaye madai yaliandikwa kwa jina la mtoto, dhidi ya babu, na watu wakasema familia imeingiwa na tamaa. Aliyelipa ilikuwa ni bima ya nyumba ya babu huyohuyo, ambayo alikuwa ameichangia miaka yote kwa ajili ya siku kama hiyo, na fedha zile ndizo zilizomnunulia mtoto miguu ya bandia, ambayo hubadilishwa tena na tena kadiri mtoto anavyokua. Babu ndiye aliyesisitiza kwamba madai yaandikwe.

Ajali za kurudi nyuma zilikuwa zikijulikana muda mrefu. Kiwango cha hiari kinachofuatwa na watengenezaji wa Marekani kilirekebishwa mwaka 2003, kikataka mashine za kukalia zisikate zinaporudi nyuma isipokuwa mwendeshaji aruhusu kwa makusudi. Angalieni kwamba ni kiwango cha hiari. Ile sheria ya serikali yao iliyoanza kutumika mwaka 1982, inayotaka kisu kisimame ndani ya sekunde tatu mkono ukiachia mpini, inahusu mashine za kusukuma tu. Za kukalia, ambazo ni nzito zaidi na zina kasi zaidi, haikuzigusa. Madaktari wa watoto wa huko hushauri kwamba asiendeshe mashine ya kukalia mtu aliye chini ya miaka 16, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita abaki ndani ya nyumba wakati nyasi zinakatwa. Mimi naongeza mlango ufungwe kwa ufunguo, kwa sababu "abaki ndani" si kitasa.

Jicho Kavu

Dada, kisa cha babu kimenigusa, na sina la kukipinga. Bado nasema tofauti ipo: mtoto hakuchagua kitu, kaka wa muulizaji alichagua mteremko.

Wakili wa Zamani

Alichagua mteremko wenye mashine inayozimika. Alipewa mteremko wenye mashine isiyozimika. Kutokuwa mwangalifu kwake kunaeleza kwa nini mashine iliserereka. Hakuelezi kwa nini visu viliendelea kuzunguka baada ya kiti kubaki kitupu. Vidole vilikatwa na hilo la pili. Jaji mwenye kufuata matukio kwa mpangilio wake atayatenganisha mawili hayo, na huenda akampa kaka sehemu ya kosa kwa lile la kwanza tu.

Mdogo Mtu

Ninawashukuru nyote. Nimefanya mlivyoelekeza, na kuna mapya.

Kibao cha namba kinaonyesha kwamba mashine ilitengenezwa miaka 14 iliyopita. Vibandiko viwili vimefutika kwa jua na mafuta, na cha tatu kimepakwa rangi juu yake, rangi ileile ya kijani iliyopakwa mwili mzima wa mashine wakati wa kuifufua. Ukikwaruza kwa ukucha unaiona pembetatu ya njano chini yake. Nilikwaruza sehemu ndogo tu kabla ya kukumbuka onyo la Fundi, nikaacha.

Jana usiku nilikaa na kaka, nikamwuliza polepole siku ile ya kununua ilikuwaje, nani alikuwepo na nini kilisemwa. Alieleza kwamba muuzaji aliipitisha mashine kwenye uwanja wenye mabonde mbele yake, kisha akashuka huku inaunguruma, akaupiga ubavu wake kwa kiganja na kusema: "Hii haizimiki ovyo kama nyingine." Shemeji alikuwepo, na analikumbuka neno hilo kwa sababu ndilo lililomfanya kaka aache kujadili bei.

Kaka alinyamaza muda mrefu baada ya kulisema. Kisha akaniambia kuwa habari ya umande ataibeba mwenyewe mbele ya jaji yeyote, na asiulizwe mara mbili, lakini waya hakuufunga yeye. Amekubali nimtafutie wakili kwa ajili ya muuzaji. Kiwanda hataki kukishitaki, na kwa umri wa mashine nadhani hata angetaka isingesaidia.

Fundi Spana

Kushuka kitini injini ikiunguruma mbele ya mnunuzi! Hapo alikuwa akiwaonyesha swichi iliyokufa na kuiita sifa. Ila muwe waangalifu kwa jambo moja: kwenye mashine nyingi, ukiwa umefunga breki ya kuegeshea na visu havijaunganishwa, injini huruhusiwa kuendelea hata ukishuka. Mwulize kaka kama visu vilikuwa vinazunguka wakati ule, na kama breki ilifungwa.

Wakili wa Zamani

Na jibu lake, liwe lolote, liandikwe leo. Kaka aandike peke yake na shemeji aandike peke yake, kila mmoja kwa maneno anayoyakumbuka, watie tarehe na sahihi, bila kusomeana kwanza. Zikitofautiana kidogo, msizirekebishe. Na ule mkwaruzo wa ukucha, upigie picha na umwambie wakili kwamba ni wako kabla hajaulizwa na upande wa pili.